Mguu wa Nne

…na si kwamba halifunguki, maana kilichofungwa na mkono wa mtu hufunguliwa na mkono wa mtu, na mkono uliolifunga jiliwa hili, chuma cha kubania mbao mezani, ni huu huu wa kulia, wenye kovu la patasi chini ya kidole gumba, kovu lenyewe limepungua nalo, zamani lilikuwa refu kama njiti ya kiberiti na leo ni punje ya mchele, lakini mkono ni ule ule na mwenye mkono ni yule yule, sasa hiki chuma kinamtolea macho ya nini, anajiuliza Kreni, amesimama juu ya kreti la soda lililopinduliwa, tumbo limegusa ukingo wa meza ya kazi, viganja viwili vimeng'ang'ania mpini, haya, moja, mbili, tatu, vuta, anavuta mpaka masikio yanaziba, mpaka kreti linalia chini ya nyayo zake, na mpini uko pale pale, haukusogea hata unene wa unywele, na kati ya taya za jiliwa mguu wa kiti umebanwa umesimama wima, mguu mfupi, mwembamba, mzuri, unamtazama… shwaa, shwaa, randa ya binti yake inasema nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba, anasawazisha fremu ya mlango wa watu, na katikati ya shwaa na shwaa sauti yake inakuja, "Baba, chai yako inapoa," naye anajibu iache ipoe, anajibu kwa sauti nzito, yaani anadhani ni nzito, maana tangu koo nalo lianze kupungua hajui tena kinachotoka mdomoni, juzi mteja alipiga simu akamwambia mtoto mzuri mpe simu baba, akamjibu baba ndiye mimi, mteja akacheka, akasema una utani wewe, mpe baba… acha hayo, shika mpini, na saa ya ukutani inasema saa tatu na dakika thelathini na tano, na saa nne binti anatoka, hajamwambia anakwenda wapi lakini Kreni anajua, mkewe alimwambia asubuhi alipokuwa anamfunga vifungo vya shati, alisema bila kuinua uso, mtoto ameitwa kiwandani, kile cha samani ng'ambo ya reli, wanataka jibu leo saa nne na nusu, na hajakwambia kwa sababu unajua sababu, basi Kreni akasema sijui sababu yoyote, mkewe akafunga kifungo cha mwisho akampiga kofi dogo kifuani, akasema haya, kaa hivyo hivyo na kutojua kwako.

Anajua. Anajua sana, sababu imebanwa hapa mbele ya pua yake. Akilifungua jiliwa kabla ya saa nne, akautoa mguu, akaupeleka upande wa pili akasema haya Mama, huu hapa, kazi iendelee, binti hatakwenda kokote, hilo analijua kama anavyojua harufu ya gundi, na asipolifungua ataisikia milango miwili, wa karakana na wa barabarani, na randa haitasema shwaa tena humu ndani, itakuwa ni yeye na paka… anamwita Mama kwa sababu binti amebeba jina la mama mzazi wa Kreni, na kweli ana mikono ya bibi yake, mirefu, isiyo na haraka, mkono ambao ukipita juu ya ubao unajua pale palipoinuka kabla jicho halijajua, kitu hicho hakifundishwi, na huo ndio mkono unaokwenda kupigilia misumari milango ya kiwandani, mia kwa siku, yote sura moja… vuta, Kreni, vuta, na anavuta, na safari hii anajaribu ujanja, anaacha miguu iondoke kwenye kreti, ananing'inia kwenye mpini kwa uzito wake wote, uzito wake wote ndio huu, ananing'inia kama suruali iliyoanikwa, miguu inacheza hewani, paka amekaa juu ya maranda anamtazama kwa makini zaidi kidogo kuliko inavyofaa, na mpini haushuki, unambeba tu, na hapo ndipo wazo linapomjia ambalo hakuliita, kwamba mwili wake mzima leo ni mwepesi kuliko hasira yake ya wiki tano zilizopita, anatafuta kreti kwa vidole vya miguu, analipata, anasimama, anahema, anamwambia paka ondoka, paka anajilamba.

Katika hadithi za watoto mtu hupungua kwa usiku mmoja, analala mkubwa anaamka yuko sawa na kidole, na kabla hajapiga mswaki ameshaanza kupigana na panya kwa sindano, raha tupu, hakuna hadithi hata moja iliyomwambia Kreni kwamba mtu hupungua polepole kama sabuni ya bafuni, vidole viwili kwa mwezi, na kwamba kabla ya kimo hutangulia nguvu, nguvu ndiyo inayoaga kwanza, tena haiagi, unaitafuta tu unakuta haipo, kwake ilianza na mfuniko wa kopo la gundi, akailaumu gundi, ikaja droo, akailaumu droo, ukaja ubao wa mita nne aliozoea kuutupia begani huku anapiga soga, akauinua, akautua, akasema mbao za siku hizi zinauzwa na maji yake, na watu wakamwamini kwa sababu yeye ni Kreni, aliyebeba kabati la milango mitatu mpaka ghorofa ya tatu peke yake na nguo zikiwa ndani, mama mwenye kabati akimfuata nyuma kwenye ngazi akilia kioo changu, kioo changu, na kioo kisipate hata alama ya kidole, mtaa mzima ukatoka kutazama, jina likaanzia siku ile na la ubatizo likasahaulika… halafu mikono ya shati ikaanza kumfunika vidole, akamwambia mkewe unafua vipi, nguo zinatanuka, mkewe akamtazama kutoka juu mpaka chini, safari fupi kuliko ya mwaka wa nyuma, akasema nguo zangu hazijawahi kutanuka, mume wangu, kalete futi yako… na daktari akaita daktari mwenzake, mwenzake akaita mwingine, wakampima kama ubao, urefu, upana, unene, mwisho yule mkubwa wao akavua miwani akasema mzee, una afya nzuri kabisa, moyo mzuri, mapafu mazuri, ila vyote vinazidi kuwa vidogo, na sisi hatujui kwa nini wala vitakoma lini, akaongeza kwa upole kwamba kwa hesabu zao mwendo umeanza kupungua kasi, Kreni akamwuliza kasi ya kupungua inapungua, daktari akasema ndiyo, akasema basi hata ugonjwa wangu unaugua ugonjwa wangu, wakacheka wote, na nje, kwenye korido, akamshika mkewe mkono na kulia kama mtoto, na kwa kuwa sasa ana kimo cha mtoto hakuna aliyeshangaa.

"Baba, Mwalimu ametuma salamu," shwaa, "anasema akipata nafasi atapita leo kuangalia kiti," shwaa, na Kreni anasema mm, Mwalimu ni yule wa chekechea, mwanamke mcheshi anayetembea na chaki kwenye nywele, ndiye aliyeagiza viti thelathini vya watoto, imara, visivyopinduka, vyenye kingo laini, akasema nataka vya mbao, vile vya plastiki vinavunjika wanangu wanabanwa mapaja, ikawa kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia humu, na binti akasema baba niachie hii niibuni mwenyewe, akamwachia, binti akachora, akafuta, akachora, akatengeneza kiti kimoja cha kielelezo ambacho vingine vyote vitafuata vipimo vyake, na miguu akaichonga kwa mkono, mmoja mmoja, ikiwa imetanuka kidogo kwenda nje, kidogo sana, ili mtoto akijisukuma nyuma kisipinduke… na siku ile, wiki tano zilizopita, alikuwa amepachika miguu yote minne bila gundi, ndimi za miguu ndani ya matundu ya kiti, zimeingia kwa kilio kile kidogo cha ulimi unaolikubali tundu lake, akakizungushazungusha kiti, akarudi hatua mbili nyuma, uso umemchangamka, akamgeukia babake na kusema, bila ubaya wowote, Mungu shahidi, hakuwa na ubaya wowote, "Baba, hebu kaa hapa nione."

Hebu kaa hapa nione. Maneno manne. Mkononi hakuwa na mtoto wa kupimia, alikuwa na kiti, na mbele yake alikuwa na mtu wa kimo kile, angemwambia nani, angemwambia paka, na fundi yeyote angefanya hivyo hivyo, Kreni mwenyewe ameshawahi kumlaza muuza mkaa ndani ya sanduku la jeneza apate vipimo, muuza mkaa akasinzia humo humo, lakini siku ile fundi bomba wa jirani alikuwa amesimama mlangoni, na mteja wa fremu, na Kreni akasikia damu ikimpanda, akaona kila mtu anamwona amekaa kwenye kiti cha chekechea akipimwa, Kreni, aliyebeba kabati, akakiendea kile kiti, akakipindua, akaushika mguu mmoja akaung'oa, wiki tano zilizopita bado aliweza kung'oa, akasema mguu huu una kasoro, binti akasema kasoro gani, akasema nimesema una kasoro, akaupeleka kwenye jiliwa lake akauingiza, akakaza, akaona haitoshi, akamnyang'anya fundi bomba kipande chake cha bomba la chuma, akakichomeka kwenye mpini ukawa mrefu mara tatu, akalivuta lile bomba kwa mwili mzima, mara moja, mara mbili, mpaka meza ikalia, na fundi bomba, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema Kreni, unafunga jiliwa au unafunga benki… bomba lenyewe limerudi kwa mwenyewe, liko kazini chini ya sinki la watu, na kwenda kuliazima mara ya pili ni kutangaza kwenye redio, na hata akiletewa, nani wa kuliinua… na hakuna aliyeligusa jiliwa tangu siku ile, kwa sababu karakana hii ina sheria moja kubwa kuliko zote, aliikuta na ameitunza, anayefunga ndiye anayefungua, jiliwa la mtu halifunguliwi na mwingine, maana ni yeye peke yake anayejua ameacha nini ndani yake, huenda ni gundi haijashika, huenda ni ubao wenye ufa unaotaka subira, ukifungua umeharibu kazi ya mwenzio, na binti ameiheshimu sheria kwa wiki tano nzima, anafagia maranda kuizunguka meza, anafuta vumbi kwenye jiliwa, kwenye mguu wenyewe hagusi, angeweza kuchonga mguu mwingine kwa asubuhi moja, mkono hauna tatizo, lakini kuchonga mwingine ni kusema mbele ya watu kwamba wa kwanza haukuwa na kasoro na baba yake ni mwongo, hakuchonga, akachukua vijikazi vya fremu na vibao vya rafu akasubiri, na kile kiti kimeegemezwa ukutani kwa miguu yake mitatu, kama mtu aliyeambiwa angoje kidogo nje.

Na mguu hauna kasoro, anausogelea, sasa hivi macho yake yako sawa na ule ulimi wa juu, hajawahi kuutazama kwa karibu namna hii, mtu mkubwa huutazama mguu wa kiti kutoka juu, anaona mstari tu, yeye sasa anaona nyuzi za mbao zinavyoshuka bila kukatwa hata mmoja, anaona binti alivyougeuza ubao ili jicho lile jeusi la mti, pale tawi lilipoota, likae upande wa ndani, kwenye unene, ambapo halitavunjika na wala mtoto hataligusa, aliona hilo kabla ya kuchonga, hilo Kreni lilimchukua miaka kumi kuliona, na taya za jiliwa zimemeza pembe mbili za mguu, zimeacha alama, ametia jeraha kazi ya mtoto wake kwa chuma, yeye, anayewafundisha watu kila siku kwamba jiliwa hukazwa kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, ukiona vidole viwili havitoshi usiongeze mkono, ongeza akili, kuna kitu hakijakaa sawa, vidole viwili, ameyasema hayo mara ngapi, kwa hiyo kumbe… ngoja, kwa hiyo kumbe kilicholifunga jiliwa hili si nguvu zake, amesimama hapa tangu saa mbili na nusu akigombana na nguvu zake za zamani, akizionea wivu, akisema laiti ningekuwa yule wa wiki tano, na yule wa wiki tano hakuwa na nguvu, alikuwa na woga na bomba la kuazima, nguvu ya kazi ilikuwa ni vidole viwili, na vidole viwili, anavitazama, anavikunja, anavikunjua, vidole viwili anavyo.

Shwaa, halafu kimya kidogo, anageuza ubao, halafu shwaa tena, na mluzi, binti anapiga mluzi mdogo wa kazi, hana habari kwamba anaupiga, ameurithi kwa babake aliyeurithi kwa Mzee Miluzi, fundi aliyemfundisha Kreni, mtu mkavu, mkali, asiyeomba chumvi hata chakula kikimshinda, aliyepiga miluzi toka asubuhi hadi jioni mpaka ukitaka kujua kama kazi inakwenda vizuri unasikiliza mluzi, na ni Mzee Miluzi aliyempa meza, hadithi hiyo Kreni ameisimulia harusini, msibani, kwa kinyozi, kwamba siku moja mzee alisimama mbele ya jiliwa lake, ndilo hili hili, akamwita, akasema kijana, fungua wewe, na katika karakana ile kumwambia mtu fungua wewe ndiyo kumkabidhi meza, hakuna maneno mengine, na Kreni, miaka ishirini na minane, kifua kama mlango, akaja akalifungua kwa vidole viwili mbele ya vijana wote, na mzee akaitikia kwa kichwa, heshima iliyoje, hivyo ndivyo anavyoisimulia… lakini siku hiyo hapakuwa na mluzi. Mbona hajawahi kulisema hilo. Mchana kutwa hapakuwa na mluzi, analikumbuka sasa, vijana waliulizana kwa macho, mzee kanuna, nani kamuudhi, na mgongo wake umewageukia, umeinama juu ya jiliwa, mabega yanapanda na kushuka, walidhani anapiga msasa kitu kidogo, saa nzima, saa mbili, na shati lilikuwa limeloa mgongoni na haikuwa siku ya joto, na alipogeuka kusema kijana, fungua wewe, mkono wa kulia aliuficha nyuma, aliuficha kwa sababu ulikuwa unatetemeka… alikuwa hawezi, Mungu wangu, mzee alikuwa hawezi, alijaribu mchana kutwa peke yake kama mimi hapa, alilifunga asubuhi akiwa na mkono na mchana mkono ukawa haupo, na Kreni akaja na vidole vyake viwili vya ujana akadhani amepewa zawadi, na alikuwa amepewa, hapo ndipo anapochanganyikiwa, alikuwa amepewa, mzee hakusema uongo, vyote viwili vilikuwa kweli, alikuwa hawezi na alikuwa anatoa.

Na baada ya hapo. Hilo ndilo halijawahi kuingia kwenye hadithi, watu hupiga makofi kwenye jiliwa kufunguka na hadithi inaishia hapo, baada ya hapo mzee alivuta kigoda kirefu cha karakana akakaa mwisho wa meza hii, pale kwenye alama ya mafuta, akakaa miaka tisa, hakushika randa hata siku moja, na mluzi ulirudi kesho yake asubuhi, tena wenye madoido, na hebu jiulize, Kreni, jiulize vizuri, ni nini unachokijua ambacho ulikijua kabla ya siku ile, kubeba, ulijua kubeba, na kupigilia, na kukata mstari ulionyooka, vingine vyote, kusoma nyuzi, kusikiliza ulimi ukiingia, kujua kwa harufu ubao uliokauka juujuu, jicho jeusi likae upande gani, vyote hivyo ulifundishwa na mtu aliyekaa kwenye kigoda mikono ikimtetemeka, mtu ambaye jiliwa lilikuwa limeshamshinda, tisa kwenye kumi ya ufundi wako ulipewa na mtu asiyeweza kufungua mfuniko wa gundi… anacheka, anajisikia akicheka peke yake juu ya kreti, kicheko chembamba, paka anasimamisha sikio moja, na wewe ulidhani mzee alikwisha siku ile, hapana, hukudhani kabisa kwamba amekwisha, ulidhani amekuwa mkubwa zaidi, miaka tisa ulimwogopa kuliko mwanzo, na hakuna siku uliyomtazama pale kigodani ukasema maskini.

Randa imenyamaza. Anasikia ikilazwa ubavu, vizuri, hivyo ndivyo inavyolazwa, anasikia ufagio mara mbili tatu, maji ya kunawa, kisha kiatu, kile cha kisigino anachovaa kwenye harusi na ofisini, kwa, kwa, kwenye sementi, na saa inasema bado dakika sita, "Baba, natoka kidogo, nitarudi, chai unywe basi," sauti ya kawaida, ya kawaida mno, sauti ya mtu aliyeifanyia mazoezi mbele ya kioo, na Kreni anafungua mdomo na mdomo unakataa, asiyekubali kushindwa si mshindani, ni yeye huwaambia hivyo vijana wakigombana juu ya mpira, rahisi kusema ukiwa mkubwa, na kumwambia fungua wewe ni kutoa meza, na akitoa meza atakuwa nani, atakuwa yule wa kwenye kigoda, basi si afadhali yule wa kwenye kigoda kuliko huyu anayening'inia kama suruali, na kigoda chenyewe kitakuwa kirefu kwake, vyote humu ni virefu kwake, nyumbani akikaa kwenye kiti miguu inaning'inia na kufa ganzi, mkewe humwekea debe chini, mwaka mzima hajakaa mahali miguu ikagusa sakafu, hata mara moja… na macho yake yanakwenda ukutani, kwenye kile kiti cha miguu mitatu, kimo chake, upana wake, mgongo uliopinda kidogo kupokea mgongo wa mtu, na mwili wake unajua kabla yeye hajakubali, unajua kwamba pale nyayo zingefika chini, zingetulia sawasawa sementini, na mtu ambaye nyayo zake ziko chini anaweza kukaa kutwa nzima, akasema, huo ulimi bado mnene, sikiliza, hapana, usitazame, sikiliza, kwa, kwa, kwa, amefika mlangoni, komeo limeshikwa.

"Mama!" Inatoka nyembamba, nyembamba kama ya kifaranga, iache itoke hivyo hivyo, ndiyo iliyopo. "Mama, ngoja kidogo!"

Kisigino kinasimama. "Abee, baba."

"Mguu hauna kasoro."

Kreni anaona haitoshi, bado kuna nusu nyingine na ndiyo nzito, nzito kuliko kabati na nguo zake na kioo chake, anavuta pumzi. "Haukuwa na kasoro tangu siku ile, nilisema uongo, Mama, nilikasirika. Na jiliwa nimeshindwa kulifungua… njoo ufungue wewe."

Mlango haulii, na Kreni hageuki kutazama, macho yamejaa maji, atasema ni vumbi la mbao, hapana, leo hatasema ni vumbi, jiliwa limefunga kama lilivyokuwa, mguu umebanwa kama ulivyokuwa, saa inasema bado dakika tano, halafu anasikia kwenye sementi si kisigino bali nyayo, nyayo tupu, amevua viatu, zinakuja upande huu, naye anasogeza viganja vyake kando kwenye mpini, vyote viwili mpaka mwisho kabisa, inabaki nafasi ya kutosha mkono mwingine, mrefu, usio na haraka, na kabla haujafika anasema, bila kugeuka, "Ukishautoa uupachike, halafu nitakaa uone."